Kongamano la Filki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Washiriki na Waandaaji

Maswali haya huulizwa na wazungumzaji wa Kiswahili walioko Marekani, Kanada, Uingereza na Ujerumani, na wengine walioko nyumbani wanaopanga safari. Ya mwanzo ni ya mshiriki. Ya mbele ni ya yule aliyekwisha kunogewa na sasa anataka kuandaa.

Filki ni muziki gani hasa?

Ni nyimbo za kienyeji za mashabiki wa bunilizi za kisayansi na hadithi za ajabu. Wanaozitunga ni wasomaji na watazamaji wenyewe, na wanaoziimba ni hao hao. Kongamano la Dunia la mashabiki hawa lilifanyika mara ya kwanza New York mwaka 1939, na tangu miongo ile ya mwanzo watu walizoea kubaki vyumbani usiku, mihadhara ikiisha, wakiimba nyimbo walizojitungia kuhusu vyombo vya angani, majoka na wahusika waliowapenda. Jina lilitokana na kosa la chapa la miaka ya 1950, "filk" badala ya "folk", likapendwa, likabaki. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 waimbaji hao walianza kuitisha makongamano yao wenyewe, ambako kuimba ndiyo kazi ya mchana na usiku.

Usidhani ni anga na majoka tu. Utasikia nyimbo za paka, za kompyuta zilizogoma, za wanasayansi wa kale, za mama aliyefiwa, za mabaharia. Kinachozifanya filki ni watu wanaoziimba na namna wanavyoketi kuziimba.

Linatofautianaje na tamasha la muziki?

Kwenye tamasha kuna jukwaa na kuna umati. Hapa jukwaa lipo pia, lina vipaza sauti na ratiba, lakini moyo wa kongamano ni chumba kisicho na jukwaa, viti vimepangwa duara, ambamo kuanzia saa nne usiku hadi karibu na alfajiri kila aliyeketi anaweza kuimba. Aliyeshangiliwa jukwaani jioni utamkuta humo amekaa kando ya mtu anayeimba mbele ya watu kwa mara ya kwanza maishani, na anamsikiliza kwa makini yale yale aliyosikilizwa yeye.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu majibu mengi hapa chini yanatoka humo. Kongamano likiandaliwa kwa ajili ya jukwaa, usiku unabaki wa makombo: chumba kidogo, joto, jirani anapiga simu mapokezi kulalamika. Likiandaliwa kwa ajili ya usiku, jukwaa hujipata lenyewe.

Yanafanyika wapi na lini?

Marekani, kubwa linalojulikana zaidi ni Ohio Valley Filk Fest, maarufu kama OVFF, lililoanza mwaka 1984 katika eneo la Columbus, Ohio, na hufanyika Oktoba. Atlanta wana GAFilk, mwezi Januari. Kaskazini-mashariki kuna kongamano linalohamahama, na jina lake hubadilika kufuatana na mji unaolipokea: Contata, Conterpoint au ConCertino. Karibu na Toronto, FilKONtario ilianzishwa mwaka 1991, na ndiko lilikoanzia Jumba la Heshima la filki, yaani orodha ya waliotukuka kwa kuitumikia, mwaka 1995. Uingereza wamekuwa na la kwao tangu 1989, majira ya baridi, kila mwaka mji mwingine na jina jingine. Wajerumani wana FilkCONtinental, ambalo kwa miaka mingi limekutana katika ngome ya kale ya Freusburg, ambayo siku hizi ni hosteli ya vijana. Kuimba ndani ya kuta za mawe nene, huku chakula kikiliwa pamoja kwenye meza ndefu, kuna ladha ambayo hoteli ya kando ya barabara kuu haiwezi kuitoa.

Tarehe hubadilika. Thibitisha kwa waandaaji kabla hujalipa nauli.

Sijui kuimba wala kupiga ala yoyote. Nitakaribishwa?

Ndiyo, na si kwa kuvumiliwa. Mduara usio na wasikilizaji ni watu wanaongojeana zamu. Msikilizaji anayejua kuitikia kiitikio na kunyamaza penye kunyamaziwa ana thamani kuliko mpiga gitaa wa tano. Hata Jumba la Heshima limewaingiza watu waliotumikia filki kwa kurekodi, kuchapisha vitabu vya nyimbo na kuandaa, si kwa kuimba.

Mduara wa usiku unaendeshwaje?

Kuna mitindo mitatu mikubwa, na ni vizuri kuijua kabla hujaketi.

Wa kwanza ni wa zamu. Zamu inazunguka kiti kwa kiti. Ikikufikia una hiari tatu: uimbe, upitishe, au umwombe mtu mwingine aimbe unachotaka kukisikia. Hiari ya tatu ndiyo inayomfanya asiyeimba awe na sauti. Uzuri wa mtindo huu ni haki, maana mwenye aibu hufikiwa bila kujipigania. Ubaya wake ni hesabu. Watu 30, kila mmoja dakika nne, ni saa mbili kabla zamu haijakurudia.

Wa pili ni wa holela. Hakuna zamu. Wimbo ukiisha, mwenye unaofuatana nao kwa maana anaanza. Mtu ameimba kuhusu meli iliyopotea angani, mwingine anasema, "Ninao unaofuata," anaimba wa baharia aliyezama. Ukiwaka, hakuna kinachoushinda, kwa sababu nyimbo zinajibizana kama washairi wanaotupiana beti. Lakini wenye sauti kubwa na ujasiri huweza kuumeza usiku mzima bila kujua.

Wa tatu ni wa vibao. Kila mtu hupewa kibao, sarafu ya kuchezea karata kwa kawaida. Ukitaka kuimba unakitupa katikati. Hakuna kungoja zamu, ila aliyekwisha kutupa haimbi tena mpaka wengine watumie vyao. Ni njia ya kati.

Maoni yangu ni haya: mwanzo wa usiku uwe wa zamu au vibao, ili wageni wafikiwe kabla hawajachoka, kisha baada ya saa sita holela. Na wakizidi watu 25 hivi, gawanyeni miduara miwili. Watu hukataa kugawana kwa kuogopa kukosa kitu. Wagawanyeni hivyo hivyo.

Kuna adabu gani ambazo mgeni hukosea?

Wimbo ukianza, mazungumzo yanakoma, hata ya kunong'ona. Kuingia na kutoka ni kati ya wimbo na wimbo. Ukikuta mlango umefungwa, sikiliza kwanza.

Kiitikio unachokijua, itikia kwa moyo. Beti ni za mwimbaji. Wapo wanaojua nyimbo zote na huimba pamoja na kila mtu kuanzia neno la kwanza. Wanadhani wanasaidia, kumbe mwimbaji mwenye sauti ndogo amefunikwa.

Kupiga ala juu ya wimbo wa mwenzako kunahitaji ruhusa. Mtazame. Akiitikia kwa kichwa kukukaribisha, piga chini yake, si juu yake. Akifumba macho, weka mikono mapajani. Ngoma na tari ndizo zinazoharibu zaidi, kwa kuwa mpigaji husogeza mwendo na mwimbaji analazimika kumfuata. Kurekebisha nyuzi kufanyike nje, au kwa kile kipimo kidogo kinachobanwa kwenye kichwa cha gitaa, ambacho hakihitaji sauti.

Usiimbe utunzi wa mtu aliyemo chumbani bila kumwuliza. Pengine alikuwa anaungoja wakati wake.

Kwa waliozoea taarabu: hapa hakuna kutuza. Hakuna kuinuka na noti mkononi, hakuna kumzunguka mwimbaji. Shukrani ni makofi, na baada ya wimbo mzito ni ukimya, wakati mwingine mrefu. Usiuvunje kwa kichekesho. Ukiwa na wimbo wa kuchekesha mkononi na aliyetangulia ameimba msiba, pitisha, ungoje.

Kurekodi ni kwa ruhusa ya mwimbaji, wimbo kwa wimbo. Watu hujaribu humo nyimbo zisizoiva. Ni lazima wajue kwamba hazitaonekana mtandaoni kesho yake.

Naweza kusoma maneno kwenye daftari au simu?

Unaweza. Weka maandishi makubwa na punguza mwanga wa kioo. Ila wimbo mmoja uujue kwa moyo, kwa sababu ule ndio utakaouimba vizuri zaidi.

Naweza kuimba kwa Kiswahili?

Unaweza, na ningekuomba ufanye hivyo. Ujerumani huimbwa Kijerumani na Kiingereza usiku mmoja, na hakuna anayeona ajabu. Kabla hujaanza, eleza kwa sentensi mbili wimbo unahusu nini. Ukichapisha karatasi yenye beti na maana yake, watakushukuru. Wengi wao ni watu wa kusoma.

Shughuli ipo kwenye mahadhi. Wageni wengi kutoka kwetu hudhani kwamba utenzi utaingia moja kwa moja kwenye nyimbo za kale za Kiingereza na Kiskoti, maana hesabu zinakaribiana. Utenzi ni vipande vinne vya mizani nane. Nyimbo zile nyingi ni mizani nane, sita, nane, sita, na nyingine ni nane kote. Lakini mkazo hautaki. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na mahadhi yale huangusha pigo zito juu ya silabi ya mwisho kabisa. Ukilazimisha, "bahari" inatoka mdomoni ikiwa imekazwa kwenye "ri", na sikio la Mswahili linakataa.

Dawa ni kuanza mstari juu ya pigo zito lenyewe badala ya noti nyepesi inayolitangulia. Hapo silabi ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba zinapata uzito, ya nane inatua taratibu, na neno la mwisho linasikika kama linavyosemwa. Jaribu kwa kupiga kofi mezani kabla hujashika gitaa. Njia nyingine ni kuachana na mahadhi yao ukaja na yako. Gitaa linalozunguka kwa nyuzi mbili tatu, la mtindo wa dansi la zamani, huwasisimua wapigaji wa huko kuliko unavyofikiri, na watakuomba uwafundishe vidole.

Kiitikio kiwe kifupi, mistari miwili, irabu nyingi za wazi, kirudiwe kila ubeti. Irabu za Kiswahili hazibadiliki, hivyo mtu asiyejua lugha hukishika kwenye ubeti wa pili. Na ile bahari ya utenzi, kina cha kipande cha nne kinachorudi kutoka ubeti hadi ubeti, hufanya kazi hata kwa wasioelewa. Kufikia ubeti wa nne wanaanza kukitazamia. Ukitua kidogo kabla yake, utaona vichwa vinainuka.

Nitunge kuhusu nini?

Tunga kuhusu unachokijua wao hawakijui. Nyimbo za safari za angani ni nguzo kubwa ya filki, na karibu zote huanzia Florida au Kazakhstan. Ilhali tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Uhuru wa Kenya, setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka nyota ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini nje ya Ngomeni, karibu na Malindi. Ikapewa jina Uhuru. Vipimo vyake vilisaidia kuonyesha kwamba Cygnus X-1, chanzo cha miale kilichokuwa kikijulikana tayari, kinafanana na kile ambacho wanaastronomia walikuwa wanakitafuta: shimo jeusi. Mahali penye wavuvi, mikoko na ngalawa ndipo palipotoka jicho lililosaidia kuliona shimo jeusi. Kama huo si wimbo, sijui wimbo ni nini. Autunge mtu wa pwani, kabla hajautunga mwingine kwa kusoma vitabu.

Kuchukua mahadhi ya wimbo wa mtu na kuweka maneno yangu, ni halali?

Kuimba mduarani ni jambo moja, kuuza rekodi ni jingine.

Marekani, mwaka 1994, Mahakama ya Juu katika kesi ya Campbell dhidi ya Acuff-Rose ilikubali kwamba hata mwigo wa kejeli unaouzwa unaweza kuhesabiwa matumizi ya haki. Lakini hoja ilikuwa mwigo unaousema wimbo wenyewe. Filki nyingi huazima mahadhi ili kusimulia habari nyingine kabisa, na hapo kinga inapungua nguvu. Kanada iliongeza mwigo na tashtiti katika sheria yake mwaka 2012, Uingereza ikaongeza ruhusa ya mwigo mwaka 2014, Ujerumani mwaka 2021. Kila nchi ina mipaka yake. Ukitaka kurekodi na kuuza, tafuta ruhusa ya mwenye mahadhi, au tumia mahadhi ya kale yasiyo na mwenyewe, au tunga yako.

Kwa waandaaji kuna suala la haki za kuimba hadharani. Wanaozisimamia ni ASCAP na BMI kwa Marekani, SOCAN kwa Kanada, PRS kwa Uingereza, GEMA kwa Ujerumani. Mwulize mwenye ukumbi kama leseni yake inawafunika ninyi, na jibu liwe kwa maandishi.

Ninasafirije na gitaa kwa ndege?

Mashirika ya ndege ya Marekani yanabanwa na sheria ya mwaka 2012, ambayo kanuni zake zilianza kutumika 2015: ala ndogo iruhusiwe ndani kama mzigo wa mkononi iwapo nafasi ipo wakati unapopanda. Maneno ya mwisho ndiyo ya kuzingatia. Panda mapema. Mashirika ya nchi nyingine yana masharti yao.

Mbao pia zina sheria. Ala nyingi zina mbao za jamii ya mpingo, na mpingo wetu wenyewe, unaovunwa kusini mwa Tanzania, ndio unaotengenezwa klarineti na zumari za Ulaya. Biashara yake inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, lakini tangu Novemba 2019 ala zilizokamilika za mpingo na jamaa zake wengi zimesamehewa. Msamaha huo hauhusu mti wa jamii hiyo unaotoka Brazili, ambao ulizuiwa kabisa mwaka 1992. Kama gitaa lako ni la zamani na hujui mgongo wake ni mti gani, uliza fundi kabla ya safari.

Januari na Februari vyumba vya hoteli huwa vikavu mno kwa sababu ya vipasha joto. Gitaa lililozoea unyevu wa Mombasa au Dar linaweza kupasuka ubao wa mbele. Liache kwenye sanduku lake na uweke ndani kile kitunza unyevu kinachouzwa maduka ya ala.

Na viza?

Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda anahitaji viza kwa Marekani, Uingereza na nchi za Schengen. Ya Schengen huombwa si mapema zaidi ya miezi sita na si chini ya siku 15 kabla ya safari. Omba barua ya mwaliko kutoka kwa kamati, itaje tarehe, mahali, na nani analipia nini. Zingatia pia kwamba viza ya matembezi ya Marekani haikuruhusu kulipwa kwa kuimba. Mshiriki anayeimba mduarani halipwi, hivyo hana shida hapo, lakini ukialikwa kutumbuiza na ukaahidiwa chochote, kamati ikushauri kwanza.

Nijiandae kwa gharama zipi?

Beji ya kuingilia, ambayo ni nafuu ukiinunua miezi kadhaa kabla. Chumba, ambacho watu hugawana wawili hadi wanne, na kamati nyingi husaidia kuunganisha wanaotafuta wenza. Chakula: makongamano mengi huwa na chumba cha ukarimu chenye kahawa, matunda na vitafunwa bila malipo, nacho huokoa bajeti ya wengi. Weka kando kidogo kwa meza za rekodi na vitabu vya nyimbo, na kwa mnada.

Watoto?

Kamati nyingi huwapokea, na wadogo hawalipi au hulipa kidogo. Mchana wanafurahi. Baada ya saa nne usiku nyimbo nyingine si za umri wao.

Tunataka kuandaa la kwetu. Tuanzie wapi?

Anzeni na chumba cha usiku, kisha mtafute jengo linalokizunguka. Ulizeni mwenye hoteli maswali haya kabla ya bei: Chumba gani kinaweza kutumika hadi saa kumi alfajiri? Juu yake na kandoni kuna nani? Mashine ya hewa inanguruma kiasi gani? Ingieni, zimeni taa za mapambo, mmoja aimbe kwa sauti ya kawaida kona moja, mwingine asikilize kona ya pili. Zulia nene na dari ya chini hula sauti. Ukuta mtupu wa saruji huirudisha mara mbili. Msipojaribu wenyewe hamtajua, maana meneja atawaambia kumbi zote ni nzuri.

Halafu mkataba. Marekani, hoteli hutoa kumbi bure au kwa bei ndogo iwapo kundi linaahidi kulaza watu kadhaa. Hapo ndipo kamati changa huanguka. Tuseme mmeahidi vyumba 60 kwa usiku mbili, yaani malazi 120, na mkataba unataka mjaze angalau asilimia 80. Mnahitaji malazi 96. Yakijaa 70, mnadaiwa 26 ambayo hakuna aliyelala humo, na deni hilo laweza kuzidi mapato yote ya beji. Ahidini kidogo, mwombe nyongeza baadaye. Na wahimizeni wenzenu walale pale pale badala ya kutafuta nafuu ya dola kumi mtaa wa pili. Wengi hawajui kwamba kitanda chao ndicho kinacholipia ukumbi.

Ombeni pia ghorofa au upande mmoja utengwe kwa ajili yenu, ili wageni wengine wasilazwe karibu na chumba cha kuimbia.

Kamati iwe na watu wangapi?

Wachache wanaojibu simu. Lazima awepo mwenyekiti, mweka hazina ambaye si mwenyekiti, wa hoteli, wa ratiba, wa sauti, na wa chumba cha ukarimu. Huyu wa mwisho mchagueni kwa uangalifu kama mweka hazina.

Ratiba ipangwe vipi?

Ijumaa jioni watu wanafika wamechoka, hivyo wekeni kitu chepesi, kila mtu wimbo mmoja mmoja jukwaani, ili wageni waonekane mapema. Jumamosi mchana ni warsha: kupanga sauti, kutunga, gitaa kwa wanaoanza. Alasiri na jioni ni maonyesho ya wageni rasmi. Jumapili mnada na onyesho la mwisho, kisha mduara wa wale wasiotaka kuondoka, ambao mara nyingi ndio mtamu kuliko yote kwa sababu hakuna anayejitahidi tena.

Msijaze. Kamati changa huona nafasi tupu kwenye ratiba kama aibu. Wekeni saa nzima ya chakula cha mchana na saa mbili za cha jioni, bila tukio. Nyimbo nyingi za kushirikiana huzaliwa mezani. Na onyesho la Jumamosi likome saa nne usiku barabara. Kila dakika linapochelewa inakatwa kwenye mduara.

Vyombo vya sauti?

Ukumbi wa watu 100 unatosheka na spika mbili, vipaza sauti vinne hadi sita, na fundi mmoja anayejua kwamba maneno ya wimbo ndiyo mali. Mwambieni kabla: filki ni habari inayoimbwa, msikilizaji akikosa neno amekosa wimbo. Mduarani hakuna vipaza sauti kabisa. Viti vya mbele viachwe kwa wasiosikia vizuri na kwa viti vya magurudumu, na mkipata mkalimani wa lugha ya alama mpeni nyimbo mapema ajifunze. Filki ina desturi nzuri ya nyimbo kutafsiriwa kwa mikono, na mkalimani hodari hushangiliwa kama mwimbaji.

Mgeni rasmi wa mbali tutamlipiaje?

Kuna shirika la hisani liitwalo Interfilk, lililoanzishwa mwaka 1991 kwa kazi hiyo hasa, kuwapeleka waimbaji na watunzi kwenye makongamano wasiyoweza kuyafikia kwa fedha zao. Mapato yake ni michango na minada ya kwenye makongamano. Watu huleta vitu, rekodi adimu, mabuli, vitambaa walivyofuma, hata keki, na hushindana bei kwa furaha kwa sababu wanajua fedha inakwenda wapi. Waliolelewa na harambee watajisikia nyumbani.

Tuko watano tu, na tuko Nairobi. Kongamano litawezekana?

Anzeni na sebule. Miduara ya nyumbani ndiyo iliyozaa makongamano yote haya. Jumamosi moja kwa mwezi, chai, magitaa mawili, kila mtu alete wimbo mmoja. Mkifika 20 mtahitaji ukumbi, na mtakuwa mmekwisha kuzoeana.

Mtandaoni pia kuna miduara. Tangu mwaka 2020, makongamano yalipofungwa na janga, imekuwa mingi. Sauti huchelewa njiani, kwa hiyo hamwezi kuitikia pamoja. Mmoja huimba, wengine wote huzima vipaza sauti vyao na kuitikia majumbani mwao. Zima pia ile huduma ya simu au kompyuta inayopunguza kelele, kwa maana huliona gitaa kuwa kelele na kulikatakata.

Tuzo za Pegasus ni nini, na nani hupiga kura?

Ni tuzo za filki zinazotolewa kwenye OVFF tangu 1984: wimbo bora, wimbo bora wa zamani, mwimbaji bora, mtunzi bora, na aina nyingine mbili zinazobadilika kila mwaka. Kupendekeza na kupiga kura ni haki ya yeyote anayeipenda filki, si lazima awe amehudhuria. Kwa hiyo msikilizaji wa Tanga au Kisumu anaweza kupiga kura. Sikiliza kwanza waliopendekezwa wote.

Fedha zikibaki ziende wapi?

Sehemu iwe amana ya ukumbi wa mwaka unaofuata, kwa kuwa hoteli haitawangoja mchangishane upya. Sehemu iende Interfilk au kwenye mfuko wa beji za wasio na uwezo. Hesabu zisomwe mbele ya wanachama Jumapili, kabla watu hawajafunga mizigo, risiti zikiwa mezani.